Harufu ya amonia saluni
Jana saluni dada kafungua kopo la dawa ya nywele, ile harufu ikanipanda puani, machozi yakanitoka, akadhani dawa imeniunguza. Wala. Amonia ile ilinirudisha maabara, fomu faivu, meza ya dirishani.

Silva naitreti, kemikali yenye madini ya fedha, ilikuwa inafungiwa kabatini kwenye chupa ya kahawia, mwalimu anatupimia matone mwenyewe maana ni ghali. Unga niliopewa niutambue siku ile nilishahisi ni kloraidi, yaani chumvi yenye klorini. Nikauyeyusha, nikatia asidi ya naitriki kidogo, nikadondosha silva, tone la kwanza tu mashapo meupe kama tui zito. Raha niliyosikia! Mashapo hayo ndiyo silva kloraidi, lita nzima ya maji inayeyusha kama miligramu 2 tu, kwa hiyo nikajua hii imeshaganda hapa, haiendi popote.

Kisha amonia. Nikatia, nikatikisa, nikazidisha, tui likawa jepesi, jepesi, mpaka nikaona kidole changu upande wa pili wa testityubu. Maji matupu. Wenzangu wanaandika majibu, mimi nimesimama nahisi nimepoteza silva ya watu. Mwalimu akaja nyuma yangu taratibu, "Haijaenda mahali mwanangu, imebebwa, kila chembe ya silva imeshikwa na amonia mbili. Tia asidi uone." Nikadondosha ile ya naitriki, moshi mweupe ukatanda mdomoni mwa testityubu, asidi ikawa inamnyang'anya silva wale wabebaji wake, na tui likarudi. Jeupe vilevile. Sijui nililitazama kwa muda gani, hadi jua la dirishani likaanza kulitia zambarau kwa juu.

Mtihani ulikuja, ukapita. Vidole vilibaki na madoa meusi siku kadhaa, bibi akanishika mkono akauliza nani kanipaka piko na harusi yenyewe haipo.

Bibi alifariki mwaka uleule. Usiku wa msiba nililiwaza lile tui, nikajiambia labda na yeye kabebwa tu, hayupo machoni basi. Nilishikilia hilo wazo muda mrefu. Siku hizi sina uhakika nalo, maana silva niliijua cha kuirudisha.

Dada kanipa taulo nifute macho, kauliza apunguze dawa? Nikamwambia hapana, endelea.