Unataka zimamoto? Anza na pumzi

Watu wakisikia najiandaa kuingia zimamoto swali huwa ni lile lile, "yani unaenda kwenye jeshi linalofika moto umeshaisha halafu gari halina maji?" Nishazoea. Ila hilo la maji lina hesabu yake. Gari linabeba lita elfu kadhaa tu, na mpira mkubwa ukifunguliwa vizuri unakunywa lita mia kadhaa kwa dakika, sasa piga mwenyewe, dakika chache limekauka, na kama haidranti ya mtaa (lile bomba la kujazia magari ya zimamoto) ishajengewa kibanda cha chipsi juu yake dereva afanyeje, lazima aondoke akajaze kwingine huku nyie mnarekodi video mnasema wamekimbia.

Anyway, leo sio maji, ni hewa. Kozi ninayosoma saa hizi ni ya awali tu, moto na huduma ya kwanza, na anayetufundisha ni mzee mstaafu, sisi tunamwita afande hata kama hataki. Siku ya kwanza hakugusa mpira kabisa. Akatuambia kwenye nyumba inayoungua wengi wanaondoka na moshi kabla moto haujawafikia, kwa hiyo kama hujui kupumua kwa mtungi wa hewa unaobeba mgongoni hata uwe jasiri vipi utakuwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Mtungi wenyewe uko hivi: wa lita 6, hewa imeshindiliwa kwa presha ya bar 300, ukizidisha unapata kama lita 1,800. Darasani wanahesabu mtu anatumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo dakika 45. Haya, ipandishe hiyo hesabu ghorofa ya tatu na mpira begani uone. Ukiwa na hofu unaweza kuvuta mara mbili yake na zaidi, na filimbi ya tahadhari ya mtungi inalia ikibaki kama bar 55, hapo unatakiwa uwe mlangoni unatoka, sio ndo unakumbuka mlango uko wapi.

Drili ninayoipenda (na kuichukia) ni ya kutafuta mtu gizani. Wanakuziba kioo cha barakoa kwa karatasi nyeusi, unaingia chumbani unatambaa, mkono mmoja hauachi ukuta, mguu unapapasa katikati ya chumba kutafuta doli zito walilolificha. Ukuta unaugusa kwa mgongo wa kiganja. Nilidhani ni mbwembwe za jeshi, kumbe ukigusa waya wenye umeme kwa kiganja cha ndani misuli inakaza na vidole vinaung'ang'ania, ila kwa nyuma mkono unajirusha wenyewe. Toka siku hiyo hata umeme ukikatika nyumbani natembea hivyo hivyo, mama anacheka mpaka basi.

Kwa hiyo mazoezi yangu nayo yamebadilika. Kutunisha kifua gym nimewaachia wenyewe, mi nakimbia asubuhi halafu napanda ngazi na dumu la lita 20, taratibu, nikivuta hewa puani na kuitoa polepole, maana anayeweza kubeba mzigo bila kuhema ndo mtungi wake unadumu.

Na jamani jina ni zimamoto NA UOKOAJI. Jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 halikuwa na moto wa kuzima, ilikuwa kazi ya kuchimba vifusi na kusikiliza sauti za watu chini. Ndege iliyotumbukia ziwani Bukoba 2022, tena hakuna moto, maji matupu. Kama hujui kuogelea jifunze sasa hivi, usisubiri mtu akufundishe.

Afande akifika kwenye Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, anaongea pole pole. Lori la mafuta limepinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Anasema ukifika sehemu kama ile kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu, hata kwa kufoka, kwa sababu mvuke wa petroli unatambaa chini bila kuonekana na cheche moja inatosha. Na maji matupu hapo hayakusaidii, petroli inaelea juu yake na kwenda nayo, inatakiwa povu.

Kuhusu kuingia jeshini: siku hizi ni jeshi moja la nchi nzima chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sheria ya 2007, sio kama Kenya ambako kila kaunti ina yake. Chuo kiko Chogo, Handeni. Masharti ya umri, urefu na elimu soma kwenye tangazo lenyewe likitoka, usisome status za WhatsApp. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA andaa mapema, tatoo achana nazo, JKT ukipata nenda, na kama una leseni ya magari makubwa itunze, yale magari hayajiendeshi.

Ila kuna jamaa kanipigia juzi anataka laki tatu "asukume faili". Faili gani, na tangazo lenyewe halijatoka? Nikamwomba anitajie kituo anachofanyia kazi nimfuate, akakata simu.