Usiku Tokeni Zilipokuwa Zikitolewa Zimekwisha Muda

Wakati wa mvua za masika za mwaka 2019 nilikuwa nikisimamia rejista ya imeji za kontena mjini Unguja, yaani ghala la programu zilizofungashwa tayari kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote, na mbele yake proksi ya uthibitisho, programu ya kuhakiki watumiaji, iliyokaa katika mashine ya peke yake. Wengi hudhani kwamba rejista ndiyo inayokagua neno la siri, lakini sivyo: mtu akiomba imeji bila ya idhini, rejista humjibu kwa namba 401, yaani hajathibitishwa, na kumwelekeza kwa proksi, proksi hupokea jina na neno la siri, huangalia kama anaruhusiwa kuvuta (kupakua) tu au na kusukuma (kupakia) pia, kisha humpa tokeni, yaani cheti kifupi cha kidijitali, yenye saini, ambayo hurudi nayo kwa rejista. Rejista haiulizi neno la siri hata kidogo. Inaangalia saini na yaliyoandikwa ndani ya tokeni, ukiwemo muda.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu alasiri, na betri za akiba zikaisha. Uliporudi baada ya isha, mwenzetu wa Chake Chake akanipigia simu. Alitaka kuvuta toleo jipya la mfumo wa kusajili wagonjwa, uliotakiwa uwe tayari kabla ya kituo kufunguliwa asubuhi.

"Maalim, neno la siri ni lile lile, lakini nakataliwa."

Nikafungua logi, yaani kumbukumbu za matukio, za mashine zote mbili: proksi ilisema imempa idhini, rejista ilisema haimkubali. Mkubwa wetu, kwa kuwahurumia wagonjwa, alishauri tuiondoe proksi kwa usiku ule tu. Nilikataa, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi, kwa sababu rejista iliyo wazi kwenye intaneti haimruhusu mpita njia kuchukua tu, bali hata kuweka imeji yake mahala pa yetu, na Chake Chake wangeivuta bila ya kushuku.

Nikajiombea tokeni na kuisoma. Ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, na ile ya kati, ukiifumbua, ni maandishi ya kawaida: aliyeitoa, aliyepewa, imeji anayoruhusiwa, na nyakati zilizohesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Wakati wa kutolewa ulianza na tarakimu 14200, yaani mwanzoni mwa Januari 2015, ilhali mwaka ule zilitakiwa zianze na 155. Betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ya mashine ya proksi ilikuwa imekufa, hivyo umeme ulipokatika saa ikarudi nyuma, na faiawoli, kizuizi cha mtandao, haikuiachia mashine hiyo mlango wa 123, ambao mashine hupitia kuuliza saa. Kila tokeni ilitolewa ikiwa imekwisha muda miaka minne nyuma.

Nikairekebisha saa kwa mkono, na imeji ikaanza kushuka Chake Chake, tabaka baada ya tabaka.

Asubuhi nilinunua betri ya CR2032 Darajani, na tukaiteua mashine moja iulize saa nje, nyengine zote ziiulize hiyo. Palikuwa na pendekezo la kurefusha uhai wa tokeni kutoka dakika 5 hadi siku nzima. Siku moja isingefidia miaka minne, na tokeni ikiibwa, mwizi angekuwa na siku nzima ya kuitumia. Kwa hiyo zikabaki dakika 5.