Mjusi wa mwanangu na ndala zangu za zamani

Mama yangu yuko Tanga. Nilipomwonyesha kwenye simu tangi la kioo lenye mjusi ndani, tena lina umeme wake, alinyamaza kwanza. Halafu: "Yaani umevuka bahari kwenda kufuga mjusi kafiri?" Kwetu tumekua tukisimuliwa kwamba yeye ndiye aliyepuliza moto ili Nabii Ibrahim aungue, na utotoni tulimsaka kwa ndala mkononi. Nikamweleza huyu si yule wa ukutani. Ni geko wa madoa kama chui, asili yake Afghanistan na Pakistani, ana kope za kufumba macho, ukuta haupandi. Wapi!

Niko Leeds, Uingereza, na Novemba usiku sebule inashuka hadi digrii 16. Mjusi hajitengenezei joto. Akikosa pa joto pa kulaza tumbo, chakula hakisagiki. Muuzaji akanituliza: tandika mkeka wa joto chini ya tangi, chomeka, kwisha. Themostati, kile kifaa cha kuuzima na kuuwasha mkeka joto lisizidi, ni kutupa hela, mkeka wenyewe wati chache tu.

Basi nikatandika mkeka mezani, tangi juu yake, ndani nikamwaga mchanga kimo cha vidole vitatu ili kuwe jangwa hasa. Kipimajoto cha kubandika kioo kikasema 21. Nikagusa mchanga: baridi. Nikauona mkeka dhaifu, nikauwekea taulo kwa chini ili joto lote lipande juu. Nilijiona injinia! Saa nane usiku tukasikia "ta!" Kioo cha chini kimepasuka pembe hadi pembe. Mjusi mzima, katoa kichwa kwenye kijumba chake, ananitazama.

Mimi ni mpishi. Kesho yake nikaazima kazini kile kipimajoto cha bastola tunachopimia mafuta ya kukaangia. Nikauwasha mkeka juu ya lile taulo, nikalenga: 52, na bado inapanda. Kumbe mchanga mzito ulikuwa unaziba, taulo nayo inaziba, joto linarundikana kwenye kioo katikati. Na kile cha kubandika kinapima hewa, wakati mkeka haupashi hewa, unapasha kinachougusa. Mbaya zaidi, mjusi akihisi baridi huchimba. Angefika kwenye kioo kile akaunguza tumbo.

Tangi jipya lilikuwa pauni sitini na kitu; mke wangu anajua hiyo sitini. Mchanga nikautupa, nikapanga vigae vya bafuni vilivyobaki, vinapitisha joto vizuri. Mkeka upande mmoja tu, theluthi ya sakafu, ili akichoka moto ahamie kwenye baridi.

Kilichobaki ni kuinua tangi hewa ipite chini. Vijiguu vya raba vinauzwa, lakini mimi nilikuwa na ndala zilizokatika kanda. Nikakata visigino, kila kimoja mara mbili, vipande vinne, pembe nne. Tangi limetulia tuli, na vidole vinapita chini yake. Nilicheka peke yangu jikoni: silaha ya kuulia mijusi leo imembeba mjusi.

Themostati nikanunua, ghali kuliko mkeka wenyewe. Kihisi chake, kile kinachopima joto, mara ya kwanza nilikiacha ndani kikilegea, mjusi akakisogeza upande wa baridi. Themostati ikadhani kote baridi, ikawa inachochea tu. Sasa nimekibana kwa nje, kati ya mkeka na kioo. Nilianza na 31, bastola ikasoma 27 juu ya kigae. Nikapandisha digrii mojamoja, nikingoja saa kadhaa kila mara, na 35 ndipo kigae kikatulia kwenye 31, panapomfaa. Siku mbili hizo mjusi alilala kwenye boksi la plastiki karibu na rejeta ya kupasha chumba, mwanangu akiniuliza kila saa, "Baba, bado?"

Bastola ya kazini bado sijairudisha. Na mama siku hizi akipiga simu haanzi tena na wajukuu. Anaanza: "Kafiri wenu kapata moto wake?"