Kutua kulinishinda miezi mitatu: nilivyoipata leseni ya urubani

Leseni ya rubani binafsi ninayo mkononi. Naandika haya kwa sababu nilipoanza kuulizauliza, ushauri mwingi niliopewa ulinipotezea muda na pesa. Wa kwanza ulikuwa huu: "Panga bajeti ya saa 40, zinatosha." Saa 40 za kuruka ni kiwango cha chini kinachotajwa katika kanuni za kimataifa. Ni za kukuruhusu, si za kukutosha. Mimi nilifanya mtihani nikiwa na saa 61, na pesa nilizoziweka kando ziliisha nikiwa sijafika hata 35. Nikasimama wiki sita kutafuta nyingine, na niliporudi mikono ilikuwa imesahau, nikalipia tena saa nne za kujifunza nilichokwisha kukijua. Kama pesa ni ya kudunduliza, afadhali usubiri ikusanyike ya kutosha, kisha uruke mara mbili tatu kwa wiki bila kukatisha.

Na kapime afya kabla hujalipa ada yoyote. Yupo mwenzangu aliyelipa kwanza, akaenda kwa daktari baadaye, akakwama kwenye kipimo cha kutofautisha rangi.

Kupaa sikupata shida. Kugeuza, kupanda, kushuka, hata zoezi la kupunguza mwendo mpaka mabawa yashindwe kuibeba ndege na pua idondoke, yote niliyapenda. Kilichonishinda ni kutua. Mzunguko ni uleule: unapaa, unapanda futi 1,000, unageuka, unapita sambamba na njia ya kurukia, unageuka tena mara mbili, unashuka. Kwa saa moja unaweza kutua mara saba au nane. Nami mara zote hizo, ama tairi zilidunda, ama ndege ilielea tu juu ya lami bila kukubali kushuka, ama mwalimu aliunyakua usukani.

Huyo mwalimu wa kwanza ndiye aliyenichelewesha, nasema bila kumung'unya maneno. Tukifika futi 20 kutoka ardhini, mikono yake ilikuwa tayari kwenye usukani. Sikuwahi kujua kama nimetua mimi au ametua yeye. Kosa langu lilikuwa kukaa kimya. Unayelipa ni wewe. Ukiona hufundishiki na mtu, omba mwingine mapema.

Halafu kuna mwanafunzi aliyenitangulia, akanipa "siri": ongeza noti 10 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege) kwenye mwendo wa kushukia, ndiyo usalama. Ndege yetu, Cessna 172, tulikuwa tukiileta kwa noti 65. Nikaanza kuileta kwa 75. Yaani niliivuka alama ya mahali pa kutua, nikanyanyua pua, ndege ikaelea. Lami inapita chini, ndege inaelea. Nikaona njia inaisha, nikaisukuma pua chini kwa nguvu, tairi la mbele likatangulia kugusa, ikadunda kama mpira, ya pili ikadunda juu zaidi. Mwalimu akasukuma nguvu yote ya injini tukapaa upya. Mikono ilinitetemeka mzunguko mzima. Tairi la mbele halikuumbwa kupokea uzito wa kutua. Ndege nyingi ndogo zimevunjika hapo hapo, kwenye mdundo wa pili au wa tatu.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Nguvu iliyomo kwenye mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 65 hadi 75 unaona ni kidogo, lakini nguvu unayotakiwa kuimaliza kabla ya kugusa imeongezeka kwa theluthi nzima. Na ukiwa karibu na ardhi ukinzani wa hewa kwenye mabawa hupungua, kwa hiyo ndege haina haraka ya kuimaliza. Siri yenyewe ndiyo ilikuwa ugonjwa.

Mwalimu wa pili alikuwa mtu mzima, mpole, mikono yake ameiweka mapajani. Aliniangalia nikitua mara mbili, akauliza, "Mwanangu, unatazama wapi?" Nikamwonyesha: lami iliyo mbele ya pua. Akasema, "Basi leo hatutui."

Zoezi lake lilikuwa hivi. Tunashuka kama kawaida, lakini tukifika juu ya njia, injini anaishika yeye na kuiachia nguvu kidogo, mimi kazi yangu ni kuifanya ndege iende mita moja hivi juu ya lami, katikati ya mstari, mwanzo mpaka karibu na mwisho. Kisha tunapaa. Macho yasiwe kwenye lami ya karibu, yawe kule mwisho kabisa njia inapokutana na upeo. Mara ya kwanza niliyumba. Mara ya tatu nikaanza kuhisi kitu: ukitazama mbali, kingo mbili za njia zinapanuka na kupanda pembeni mwa macho, na mwili unajua wenyewe uko juu kiasi gani. Lami ya karibu inapita mbio, haikwambii kitu.

Mara ya sita, bila kuniambia, akapunguza nguvu ya injini pole pole. "Usiiruhusu itue," akasema. "Izuie. Vuta kidogo. Izuie tena." Nikawa navuta usukani kila ndege inapotaka kuzama, pua ikipanda kidogo kidogo, mpaka nikasikia magurudumu ya nyuma yakikwaruza lami kama mtu anayevuta kiti. Mikono yake ilikuwa bado mapajani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Siku ya kuruka peke yangu alishuka, akaufunga mkanda wa kiti chake kitupu usije ukanasa kwenye usukani, akasema, "Itakuwa nyepesi, jiandae," akafunga mlango. Kweli, ilipanda kabla sijategemea. Nilikuta futi 1,000 nikiwa bado naitafuta kona ya kwanza. Nilitua mara tatu.

Redio nayo inawatisha wengi. Mimi niliandika kila mazungumzo kwenye karatasi kwa mpangilio mmoja: ninayemwita, mimi ni nani, niko wapi, nataka nini. Nikawa nayasema kwa sauti nikitembea chumbani mpaka yakatoka bila kufikiri. Kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza kwanza.

Safari ndefu ya peke yako, ile ya angalau kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili tofauti, inataka hesabu ya upepo na mafuta, na hapo nakusihi usiamini geji pekee. Panda juu ya bawa, chovya kijiti kwenye tangi, uone kwa macho.

Katika mtihani, mtahini alivuta nguvu ya injini yote tukiwa futi 3,000, akasema, "Injini imekufa." Nikashika noti 65, nikachagua shamba wazi upande upepo unakotoka, nikapitia hatua zangu: mafuta, swichi, redio. Tulipokaribia futi 500 akasema inatosha, tupae, turudi nyumbani. Kutua kwa mwisho hakusema neno.

Nilipotoka nilimkuta mwalimu wangu kando ya ndege nyingine, anakagua mafuta kwenye kichupa kama yana maji. Hakuniuliza kama nimefaulu. Aliuliza, "Ulitazama wapi?"

"Mwisho wa njia, mwalimu."

Akamwaga kichupa, akanipa mkono.