Pumzi Inayokatika Usiku na Hofu ya Saratani

Mke wangu ndiye aliyegundua. Kukoroma kwangu alikuwa amekuzoea tangu tulipooana, kwa hiyo kilichomwamsha usiku ule hakikuwa kelele bali kimya: koromo lilikatika ghafla, kifua kikaendelea kupanda na kushuka bila hewa kuingia, kisha nikashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nilipopimwa, nikilala na kifaa kimenibana kidoleni na mkanda umenizunguka kifuani, ilionekana kwamba pumzi yangu hukatika mara 34 kwa saa. Daktari alinieleza kuwa mkatiko huhesabiwa unapodumu angalau sekunde 10, na kwamba mara 30 au zaidi kwa saa ni hali kali ya tatizo hili la pumzi kukatika usingizini.

Sikuwa hata nimeizoea habari hiyo, shemeji yangu akanitumia ujumbe: “Shemeji, soma hii, kukoroma kunaleta saratani.” Nilisoma, kisha nikatafuta zaidi, maana ujumbe wa namna hiyo huwa na chembe ya ukweli iliyokolezwa chumvi.

Chembe yenyewe inatoka Wisconsin, Marekani, ambako watafiti waliwafuatilia watu 1,522 kwa miaka 22 na kutangaza mwaka 2012 kwamba wenye hali kali kama yangu walikufa kwa saratani karibu mara tano zaidi ya wasio na tatizo hilo. Nilikosa usingizi kwa ajili ya takwimu hiyo, mpaka nilipoona kwamba vifo vyote vya saratani katika kundi zima vilikuwa 50 tu, na kati ya hivyo, vya wenye hali kali vilihesabika kwa vidole. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada, waliochunguza wagonjwa zaidi ya 10,000 na kuzingatia umri, uzito na uvutaji wa sigara, hawakuona uhusiano kati ya ukali wa tatizo hili na kupata saratani.

Hata hivyo siwezi kulipuuza jambo hili, kwa sababu linaelezeka. Oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, seli huwasha protini inayoamuru mishipa mipya ya damu iote. Mfumo huo wa seli kuhisi oksijeni ndio uliowapatia wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Uvimbe wa saratani nao hulishwa na mishipa hiyohiyo, na panya wa maabara waliopunguziwa oksijeni kwa vipindi waliota uvimbe uliokua haraka zaidi. Lakini panya si mimi. Tena wengi wetu wenye tatizo hili tuna kitambi, na unene peke yake huongeza hatari ya saratani kadhaa, hivyo ni vigumu kujua mkosaji ni nani.

Hakuna jaribio lililothibitisha kuwa mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa Australia na Colin Sullivan na kutangazwa mwaka 1981, inazuia saratani. Ninaivaa kwa sababu nyingine: shinikizo la damu, na siku niliyosinzia nikiwa nimeshika usukani. Shemeji nilimjibu hivyohivyo.

Juzi umeme ulikatika saa nane za usiku. Mashine ikazima, na mke wangu akaniamsha kabla sijaanza kukoroma.