Jinsi nilivyoiweka modeli yangu hewani kwenye OKD

Modeli yangu, programu iliyofunzwa kwa data ili ikadirie mahitaji ya siku, ilikaa wiki mbili bila kutumiwa na mtu. Kwenye kompyuta yangu ilijibu vizuri tu, lakini wenzangu waliendelea kunitumia faili za CSV kila asubuhi niwakadirie mahitaji ya siku. Nikaamua kuipandisha kwenye OKD, jukwaa huria lililojengwa juu ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva), ambalo hadi 2018 liliitwa OpenShift Origin. Tayari nilikuwa na Dockerfile yangu (maelekezo ya kujenga kontena, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji), programu ya wavuti ya Flask, na Gunicorn, seva ya kuiendesha.

Kontena ya kwanza ilikataa kuandika hata faili moja. OKD kwa kawaida haiendeshi kontena kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote; huipa namba ya mtumiaji isiyotabirika, ila kundi lake hubaki 0. Kwa hiyo folda za programu lazima ziwe mali ya kundi 0, na kundi hilo liwe na ruhusa sawa na mwenye folda: chgrp -R 0, kisha chmod -R g=u. Mistari miwili, basi. Gunicorn nayo, usipoiambia kitu, husikiliza 127.0.0.1 peke yake, mahali ambapo maombi ya kutoka nje ya kontena hayafiki. Nikaiambia 0.0.0.0:8080.

Kilichonila siku mbili nzima ni namba 137, msimbo ambao kontena iliuacha kila ilipokufa. Podi, yaani kifungu kinachobeba kontena, iliwaka, ikajibu maombi machache, ikafa, ikawaka tena. Kwenye logi za programu hapakuwa na kosa lolote, na hapo ndipo nilipopotea, maana nilikuwa nalitafuta kosa ndani ya Python. 137 ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya kuua mchakato papo hapo, bila nafasi ya kuaga. Nilipoandika oc describe pod, amri ya kuonyesha hali ya podi, nikaona neno OOMKilled: kumbukumbu ilizidi kikomo. Nilikuwa nimeweka megabaiti 512, na Gunicorn ilikuwa na michakato minne, kila mmoja ukipakia nakala yake ya modeli ya karibu megabaiti 180. Hesabu ya darasa la nne, lakini sikuwahi kuipiga.

Nikapunguza michakato ikawa miwili, nikaongeza --preload ili modeli ipakiwe mara moja kabla michakato haijagawanyika. Michakato hiyo hushiriki kumbukumbu moja hadi mmoja uandike juu yake, na hapo sehemu hiyo hunakiliwa. Python huandika hesabu ya marejeo (ni wangapi wanaokitumia) kwenye kila kitu inachokigusa, hivyo sehemu ya kumbukumbu hunakiliwa hata hivyo. Lakini namba zenyewe, zilizo ndani ya safu za NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, haziguswi, na hizo ndizo nzito.

Podi ikatulia, ila ikawa nzito kujibu. Modeli huanza na PCA, mbinu ya kupunguza idadi ya vigezo, ambayo hapa ni kuzidisha matriki, kazi inayofanywa na maktaba ya OpenBLAS. Yenyewe iliona viini vyote vya nodi (seva iliyobeba podi) na kufungua nyuzi, yaani kazi za kwenda sambamba, kwa idadi hiyo, ilhali mimi nilikuwa nimepewa kiini kimoja. Nyuzi zikawa zinagombania zamu, na kila mgao wangu wa muda wa kichakataji ulipokwisha zote zinasimamishwa. Nikaweka OPENBLAS_NUM_THREADS=1 na majibu yakaharakika palepale. Ningekuwa na uwezo, ningeliandika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo wa sayansi ya data.

Toleo la scikit-learn, maktaba ya kufunzia modeli, nililifunga kwenye requirements.txt (orodha ya maktaba za programu), lilelile nililofunzia modeli, kwa sababu faili ya pickle, ambamo modeli imehifadhiwa, haina dhamana ya kusomeka sawasawa na toleo jingine.

Mwisho nikaongeza anwani fupi ndani ya programu, /tayari, ambayo OKD huiuliza kabla ya kupeleka maombi kwenye podi mpya. Wiki iliyofuata nilibadilisha modeli saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Podi ya zamani iliendelea kuhudumia hadi mpya ilipojibu kwamba iko tayari. Nilikaa nikitazama logi mpaka saa tano. Halikuanguka ombi hata moja.