Mteja aliye mbali anahitaji kujua nini kabla ya kukupa kazi

Mteja aliye Arusha, Nairobi au London hatafika Dodoma kuona unavyofanya kazi. Alicho nacho ni maelezo uliyomwandikia, na kwa maelezo hayo ataamua kama akutafute au aendelee kutafuta kwingine. Kwa hiyo naamini kwamba kueleza huduma zako ni kazi inayostahili umakini uleule unaoutoa kwa kazi ya kulipwa.

Mimi nanukuu mahojiano ya utafiti, yaani nageuza sauti kuwa maandishi, na natafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Katika fani yetu maelezo mengi yanafanana: "Natoa huduma bora, za haraka na kwa bei nafuu." Lugha yake ni sahihi, lakini mtafiti mwenye rekodi zake mkononi hawezi kuyatumia kuamua jambo lolote. Hajui kama unapokea mijadala ya vikundi, atarudishiwa faili la namna gani, wala kama atalipa kwa ukurasa au kwa dakika ya sauti. Linganisha na haya: "Nanukuu mahojiano ya Kiswahili ya mtu mmoja mmoja na mijadala ya vikundi visivyozidi watu 8. Bei huhesabiwa kwa dakika ya sauti. Utapokea faili la Word lenye alama ya muda kila baada ya dakika 2, na majina ya wahojiwa yatakuwa yamebadilishwa kuwa namba. Rekodi safi ya saa moja huirudisha ndani ya siku 2 za kazi." Hata mteja akikataa, atakuwa amekataa akijua anachokikataa, na hapo hakuna aliyepotezewa muda.

Bado inabidi ueleze rekodi safi ni ipi, na hapa ndipo anayeishi kanda ya kati ana la kusema. Mahojiano mengi ya vijijini, iwe Bahi, Chamwino au Mpwapwa, hufanyika nje chini ya mti, na upepo wa kiangazi huingia kwenye kinasa sauti hadi ukafunika maneno. Saa moja ya sauti nzuri humchukua mnukuzi mzoefu saa 4 hivi, pengine zaidi. Upepo ukiongezeka na watu wakizungumza kwa pamoja, muda huo hupanda sana. Ndiyo maana maelezo yangu yanasema kwamba nasikiliza kipande cha rekodi kabla ya kutaja bei, na kwamba sehemu isiyosikika naiwekea alama pamoja na muda wake badala ya kubuni kilichosemwa. Tena mzee wa Chamwino anayehojiwa kwa Kiswahili anaweza kuhamia Kigogo pale mazungumzo yanapofika kwenye jambo zito, na ukienda Kondoa utakisikia Kirangi. Mteja aliye ng'ambo hana namna ya kulitambua hilo mapema. Mwambie kabla hajauliza kama vipande hivyo utavitafsiri mwenyewe, utampa mzungumzaji wa lugha hiyo kwa malipo ya ziada, au utaviacha na alama.

Suala la saa linaonekana dogo, lakini huvuruga ahadi. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa za kimataifa mwaka mzima, ilhali Uingereza hubadili saa zao, hivyo tunawatangulia kwa saa 3 majira ya baridi na kwa saa 2 majira ya joto. Isitoshe, saa 4 yetu ya asubuhi mteja wa huko huiita saa 10. Taja muda wa kukabidhi kazi kwa saa za kwake.

Kuhusu malipo, eleza kiasi cha kutanguliza, njia ya kulipia, na idadi ya masahihisho yaliyomo ndani ya bei. Kwa taasisi za hapa nchini, ambazo hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, sema kama bei yako ni kabla au baada ya makato. Taja pia usichokifanya. Jiji letu lina vyuo vingi, na mimi naandika bayana kwamba nanukuu mahojiano ya wanafunzi lakini siwaandikii tasnifu. Ahadi ya usiri nayo iwe na maudhui: rekodi inahifadhiwa wapi, nani ataisikia, na inafutwa lini. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si hisani tena, na mtafiti makini atakuuliza.

Limebaki suala la sampuli, kwa kuwa kazi ya mteja mmoja haionyeshwi kwa mwingine. Mijadala ya Bunge hurushwa hadharani, na taarifa zake rasmi, yaani Hansard, huchapishwa. Chagua dakika 5 ambazo wabunge wanaingiliana, uzinukuu mwenyewe kwa mtindo uleule unaowauzia wateja, kisha ulinganishe na taarifa rasmi kabla ya kuzituma. Mwekee mteja maandishi hayo pamoja na kiungo cha sauti, ili asikilize huku akisoma.